Mwalimu Mkuu Aliyeziba Kila Pengo

Wasikilizaji wapendwa, tumemzika mwalimu mkuu. Wanafunzi walimwita Bundi, kwa jinsi alivyogeuza shingo. Alisimama koridoni, katikati ya vyumba viwili vinavyotazamana, akifundisha hesabu kulia na historia kushoto. Ukipiga soga upande wowote, jicho lake lilikuwa limeshafika.

Narudia: mwalimu mmoja, madarasa mawili, wakati mmoja.

Haikuanza hivyo. Alipokabidhiwa shule ile, chumba cha walimu kilijaa mabishano na milio ya vikombe. Kisha wakaanza kuondoka. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa hesabu, kijana mahiri aliyesahihisha madaftari kitandani mpaka mkewe akanuna.

"Mkuu, nimechoka," alisema. "Nikikwama sina wa kumuuliza. Nikiugua sina wa kunipokea."

"Nenda, mwanangu. Darasa lako nitalishika mimi."

Akalishika. Akaondoka wa sayansi, akalishika na lake. Kila alipoondoka mtu, kiti chake kilitolewa kwenye chumba cha walimu, ili pengo lisionekane.

Hapo ndipo kosa lilipoingia. Wakaguzi walikuta watoto wametulia na ubao umejaa maandishi. Wakampongeza. Walimu wapya wakapelekwa kwenye shule zilizolalamika. Yake haikulalamika.

Mjane wake ameniambia, "Nilimsihi, baba watoto, sema huna watu. Akanijibu, nikisema, wazazi watahamisha watoto, shule ifungwe. Nikamuuliza, na wewe ukianguka? Akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa na kikohozi ndani."

Mimi nilisoma ukubwani, madarasa ya jioni. Najua mwalimu aliyechoka anavyosimama: huegemea ubao kama anayeusoma. Huyu hata kuegemea alishindwa. Siku ile aliketi kwenye kiti pale koridoni, macho wazi. Watoto walidhani anawachunguza. Wakazidi kutulia. Vyumba vyote viwili vikaendelea kuandika, na yeye alikuwa ameshatutoka.

Mazikoni, ofisa wa elimu alisema tunahitaji wengine kama huyu. Mjane akamjibu bila kupandisha sauti, "Mlikuwa nao, baba. Mliwaacha wakaondoka."

Sasa shule imefunguliwa tena. Anayeiongoza ni naibu wake, mama wa makamo. Nilimpigia simu kumpa pole, nikamuuliza amebaki na walimu gani.

"Usijali, mzee," akasema. "Hapa hakuna shida."

Alijibu haraka mno. Sikupenda.

Tunampa pole mjane, watoto wake, na wote waliofundishwa na mikono ile yenye chaki. Mungu awape subira. Nawe msikilizaji, ukipita karibu na shule ukaikuta kimya, usiseme kuna nidhamu ukaenda zako. Ingia ndani. Tafuta watu wazima wako wapi.