Mzee Nta na Bunduki Iliyogoma

Ijumaa hii, tarehe 30, saa kumi jioni, fundi wa bunduki wa klabu yetu ya shabaha atavua aproni yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kazi. Wote tunamwita Mzee Nta. Mwandishi wa wasifu huu, aliyekaa meza ya pili kutoka yake kwa miaka kumi na mmoja, ana hamu kubwa ya kusimulia, na mkiona ameruka mambo mumvumilie.

Aliajiriwa kama seremala wa rafu za ghala. Siku moja mwanachama akaleta bunduki yenye kitako kilichopasuka, seremala akakiunga mpaka ufa ukatafutwa usionekane. Tangu hapo hakugusa rafu tena, na rafu zenyewe, mtakubali, zimepinda hadi leo. Amefundisha mafundi tisa. Hata siku ya harusi ya bintiye alipita karakana asubuhi, suti mwilini, kuangalia kama gundi imekauka. Mkewe anasema droo zote za nyumbani zimepakwa nta na hakuna hata moja inayokubali kukaa imefungwa.

Lakini hayo yote ni utangulizi. Habari yenyewe ni ile Alhamisi!

Ili bunduki ilenge sawasawa, mtambo wake wa chuma hulazwa ndani ya kitako cha mbao juu ya gundi ngumu ya kuchanganya. Kabla ya hapo chuma hupakwa nta kila pembe, kisishikwe. Safari hiyo kijino kimoja chini ya mtambo kilisahauliwa. Asubuhi chuma na mbao vilikuwa kitu kimoja.

Bunduki ilikuwa ya mwalimu wa hesabu, bingwa wetu, na kitako alikichonga marehemu baba yake. Mashindano yalikuwa Jumamosi. Mkuu wa karakana alikuja juu, akasema aliyefanya kazi ile akusanye vitu vyake saa hiyo hiyo, kisha akaagiza msumeno ili kitako kikatwe. Mwalimu alisimama mlangoni na begi tupu, machozi yakimlengalenga. Hapo Mzee akanyoosha mkono, akasema kazi ni yake. Fundi wa miaka ishirini humfukuzi kwa kusahau nta, basi Mkuu akampachika tu jina hilo la Nta, na kumpa muda hadi saa tisa.

Jamani, mngeona! Skrubu ya nyuma nayo ilikuwa imenaswa; akaichoma kwa chuma cha kulehemu hadi gundi ikalegea, ikatoka. Mtambo haukutikisika. Akaifunga bunduki ndani ya mfuko wa plastiki, akaenda nayo kantini, akawatoa kuku wote kwenye friza na kuilaza humo. Mama wa kantini alimwambia kwamba wateja wakikosa chakula cha mchana, atawapakulia bunduki. Mzee akamjibu asisahau chumvi. Chuma kikipata baridi husinyaa, na hata kikisinyaa kwa unywele mmoja, alituambia, unatosha.

Saa nane na nusu akaitoa, ikifuka moshi wa baridi. Akaubana mtutu kwenye jiliwa lililotandikwa ngozi, akagonga kitako taratibu kwa nyundo ya mpira, mbele, nyuma, mbele. Mkuu alikuwa ameshika msumeno. Ghafla, ta! Kitako kikashuka mikononi mwa Mzee, kizima, bila hata mkwaruzo. Tulipiga kelele kama watoto, na mwalimu akamkumbatia fundi pamoja na gundi yake. Jumamosi alishika nafasi ya pili.

Sasa lile nililoliruka. Aliyesahau nta ni mimi. Nilikuwa na wiki sita kazini, bado niko kwenye majaribio, nina mtoto mchanga nyumbani, na niliogopa nikanyamaza. Mzee hakuwahi kulitaja, wala kwa utani. Siku ile aliniambia tu niwarudishe kuku wa watu kwenye friza, zamu yao imefika.

Mkuu, meza yangu ni ile ya dirishani, Jumatatu utanikuta. Na wewe Mzee wangu, asante. Nenda ukapumzike na mama, ulale mchana, ufunge hizo droo. Tunakuombea siku nyingi za raha. Jina la Nta liache hapa, ni langu.