Kilichomuua Mbuyiseli Ngqele

Ndugu wa ukoo wa Mpinga, majirani wa Ngxogi, na ninyi wanaume mliokaa kule nyuma karibu na zizi ili muweze kuondoka mapema, mimi ni Vuyelwa, mtoto wa kwanza wa marehemu, na nimepewa kazi ya kusoma historia yake. Asubuhi hii Baba Mkubwa Mkhululi, kaka wa marehemu, aliniita pembeni akaniambia, “Wewe binti, ukifika kwenye ugonjwa sema aliugua, akafa, basi. Usituvue nguo mbele za watu.” Nimemsikia, na heshima yake ninayo, lakini nitasema.

Marehemu Mbuyiseli Ngqele alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 hapa Ngxogi, wilaya ya Engcobo, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Dumile na Mama Nosanele, akasoma shule ya hapa hapa hadi mwaka 1977 alipoachishwa ili achunge ng'ombe, akatahiriwa mlimani mwaka 1980, na mwaka 1982 akaondoka na basi la wachimbaji kwenda migodi ya dhahabu karibu na Welkom, alikotoboa miamba kwa miaka kumi na minane.

Tarehe 20 Desemba 1986 alimwoa mama yangu, Nobantu, kwa mahari ya ng'ombe wanane, wakajaliwa watoto wawili, mimi na mdogo wangu Bulelani. Sasa sikilizeni, maana haya aliyasema mwenyewe na sitayapamba. Mwaka 2000 alipimwa huko mgodini akaambiwa ana virusi vya UKIMWI, akarudi nyumbani, akanyamaza, akalala na mama yangu kama kawaida, na mama yangu akafariki tarehe 9 Juni 2003, akiwa na miaka thelathini na sita, bila kuambiwa chochote. Kwa hilo nilimchukia baba yangu, na chuki yenyewe haijaisha yote, hata leo akiwa kwenye jeneza.

Mwaka 2005 alianza vidonge, na mwaka uliofuata akasomea uelimishaji rika, yaani mwanamume kumfundisha mwanamume mwenzake kupima, kuvaa kondomu, kumwambia mkewe ukweli, kutomnyanyulia mkono, na kubeba naye mzigo wa nyumba. Alianzia kwake, akachota maji bombani, akatupikia, akatufulia, nanyi mkasimama barabarani mkimpigia miluzi na kumwuliza, “Mpinga, sketi umeiacha wapi?” au “Hujambo, mama Vuyelwa?” Alikuwa anawajibu kwamba hajambo, anaendelea na ndoo yake.

Mwaka 2007, kwenye pombe ya kumpokea kijana aliyetoka jandoni, alisimama ndani ya zizi, mahali ambapo mimi mwanamke siruhusiwi kukanyaga, akasema, “Nobantu nimemuua mimi, kwa kunyamaza.” Mkamtoza faini ya kondoo kwa kuleta mambo ya chumbani zizini, naye akamleta. Kwa desturi yetu nyama ya faini huliwa pale pale, na hakuna anayeondoka mpaka iishe, kwa hiyo mlipokuwa mnatafuna yeye akaendelea kufundisha, mkamtoza kondoo mwingine, akaleta, mkala, akafundisha. Kondoo wake wote mliwamaliza ninyi, na bado mkamwita mwendawazimu. Wapo mliomjia kwa mlango wa nyuma akawasindikiza zahanati, halafu mchana mkampita njiani kama hamjawahi kumwona, na siri zenu amekwenda nazo.

Kuhusu ugonjwa. Baba Mkubwa, naona umesimama, naomba uketi, sijamaliza. Mwaka 2016 madaktari waligundua kwamba mapafu ya marehemu yamejaa vumbi la miamba ya mgodini, tangu mwaka 2021 akawa anapumua kwa mtungi wa oksijeni, na Jumatano tarehe 3 Mei 2023, saa nne asubuhi, akafariki hospitalini. Kilichomuua ni vumbi. Virusi vilikuwa vimefifia kiasi kwamba tangu mwaka 2008 hadi Februari mwaka huu vipimo havikuviona, kwa sababu vidonge alivimeza kila siku.

Lakini tangu afe, huko kilabuni mnaambizana, “Mwenye vidonge mbona kafa? Si uongo tu huo?” Nasi tukisema aliugua akafa, basi, tutakuwa tumeupigia muhuri upuuzi huo. Juzi mke wa mmoja wenu alikuja jikoni kwetu tukiwa tunamenya viazi, akalia, akasema mumewe ameacha dawa tangu Jumatatu na hataki kusikia la mtu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wachimbaji wenzake waliosafiri kutoka mbali, majirani, hasa akina mama waliooka mikate na kupika kwa wiki nzima, na waliochimba kaburi, hata wale waliolichimba huku wakimcheka.

Na wewe uliyeacha dawa, sikutaji jina, baba yangu aliniapisha nisimtaje mtu yeyote aliyemjia. Mlioshika mabeleshi ni wengi na mmoja wao ni wewe. Mfukie kwanza, alikuwa rafiki yako, halafu nenda nyumbani ukameze vidonge vyako, mkeo akiona.

Pumzika kwa amani, Baba. Huyu niachie mimi.