Siku Neno "Kill" Lilipomkamata Mwanangu

Mheshimiwa Padri Cirillo, mwalimu mkuu wetu Bwana Igga, wazee wa mtaa wetu wa Hai Malakal, walimu, wazazi wenzangu, na wewe Mwalimu Santina tunayekuaga leo: nawasalimu katika jina la Bwana. Mimi ni Keji, mama yake Yangi. Wengi mnanijua kwa nyanya ninazouza sokoni Malakia, si kwa hotuba, kwa hiyo sauti ikitetemeka mnivumilie.

Kiingereza tulichorudi nacho kutoka ukimbizini Uganda kilikuwa cha shuleni: kill ni kuua, fire ni moto. Nani kati yetu alijua kwamba vijana wamekigeuza? Mwezi uliopita Yangi, mpiga gita wa kwaya yetu, alisimamishwa kwenye kizuizi cha Gudele. Askari wakafungua simu yake, wakakuta ujumbe wa binamu yake aliye Kampala: "Sunday you will kill them. Bring fire." Jumapili utawaua, lete moto! Ndugu zangu, tangu mapigano ya Julai hapa mjini kwetu, askari gani angesoma maneno hayo akatulia? Wakamfunga mikono, wakamkalisha chini juani.

Nilipoitwa nikafika na kumwona, niligeuka hapo hapo. Nikakimbilia kwa Mwalimu Santina. Hakuuliza mara mbili. Alivaa viatu, tukapanda boda.

"Kill hapa ni kupiga muziki mpaka watu washangae," alimweleza ofisa. "Fire ni uchangamfu tu."

"Ya ustaza, mwalimu, mimi pia nilisoma Uganda. Kill iko kuua. Hii iko Kiingereza gani?"

"Ni cha vijana, afande. Mpigie aliyeandika, umsikie mwenyewe."

Ofisa akapiga kwa simu ya Yangi, sote tukisikiliza. "Yangi! Kwaya iko tayari kwa Jumapili?" binamu akauliza kwa furaha, kabla hata hajasalimiwa. Ofisa akakata simu. Kisha akasema, "Khalas, yameisha. Mfungueni."

Mwalimu, ulinirudishia mwana. Lakini kila wiki maneno mapya yanaingia kwenye simu ile, na kesho wewe unaondoka kwenda Adjumani, Uganda. Neno lingine likimkamata, nitakimbilia kwa nani?

Ndiyo maana nina ombi, na Yangi mwenyewe analisikia sasa hivi. Najua barabara ya Nimule ya kwenda huko ina hofu yake ya kuviziwa. Hata hivyo, Mwalimu, nenda naye, akae kwako. Usiniangalie hivyo, mwanangu. Inuka, kakae karibu naye.

Padri, ndugu zangu, mmenitegea sikio hadi mwisho. Asanteni sana, na mtuombee.