Isidori Kasimiri na Mizani ya Alhamisi

Na Yotham Nkwabi, Ghala Namba Mbili

Tarehe 30 Juni 1998, saa tisa na nusu alasiri, Mzee Isidori Kasimiri atakabidhi ufunguo wa Ghala Namba Mbili na kustaafu kwa mujibu wa sheria, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, na miaka ishirini na saba ya utumishi katika chama chetu cha ushirika. Kamati ya sherehe iliniomba niandike ukurasa mmoja. Nimeshindwa, na wahariri wa jarida letu wanisamehe.

Alizaliwa Karema mwaka 1943, mtoto wa seremala wa misheni. Alikuja Mpanda mwaka 1971 na kuajiriwa kushona midomo ya magunia, na mpaka leo miwani yake imefungwa kwa uzi wa kushonea magunia, ingawa tumemnunulia kamba nzuri mara mbili. Mwaka 1974 alikabidhiwa mizani kubwa, ile ya chuma ya kukanyagia, na tangu hapo hakuna gunia la mkulima lililoingia ghala hili bila kupita mbele ya macho yake.

Wakulima wanamjua kwa mkono wake wa kulia, ambao huutumbukiza ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko kutafuta unyevu. Mahindi makavu hukatwa kilo moja ya gunia tupu. Mvua zikianza na mahindi yakaloa, hukatwa kilo tatu, moja ya gunia na mbili za maji. Hesabu hiyo haikuhitaji karatasi, iliingia kwenye vidole vyake. Kuna bwana mmoja, simtaji kwa kuwa atakuwepo kwenye sherehe, aliwahi kuficha jiwe katikati ya mahindi. Mzee Isidori hakugomba. Alilitoa jiwe, akalipima peke yake, akamwandikia stakabadhi: jiwe moja, kavu, kilo nne. Bwana yule alikuwa mwaminifu kuanzia siku hiyo.

Mwaka 1987 alikuwa mfanyakazi bora na akazawadiwa redio. Hayo yote yamo kwenye faili lake. Ninayotaka kuyaandika hasa hayamo, isipokuwa barua moja, na nitaifikia.

Mwaka 1991 alilazwa katika hospitali ya rufaa, mbali na hapa, kwa vidonda vya tumbo vilivyomtesa tangu ujana. Madaktari waliondoa zaidi ya nusu ya mfuko wa chakula. Alirudi kwa treni kupitia Kaliua, mkononi chupa ya chai iliyojaa uji na mfukoni karatasi ya maelekezo: ale kidogo kidogo mara sita kwa siku, atafune mpaka chakula kilainike kabisa, asinywe maji wakati wa kula, aogope sukari. Aliondoka hapa na kilo themanini na nne. Baada ya miezi minne alikuwa na hamsini na nane.

Karatasi ile ilikuwa nzuri, lakini haikumwambia mtu afanye nini na mkono wake wakati wenzake bado wanakula. Sisi tunakula sinia moja. Anayetoa mkono baada ya matonge matatu ama ana kinyongo na mwenye nyumba, ama anaogopa sumu, ama ni mgonjwa. Na miaka ile kila aliyekonda tulimpa ugonjwa mmoja tu, ule tuliokuwa tukiutaja kwa kunong'ona. Hapa ghalani watu walianza kuja na vikombe vyao kutoka nyumbani ili wasichangie kikombe na Mzee Isidori. Mimi nilikuja na kikombe cha bluu. Aliona, na ninaona aibu mpaka leo ninapokiona kabatini.

Alianza kujipima. Kila Alhamisi, baada ya kufunga milango, alivua viatu na kupanda kwenye mizani ya magunia, nami nikawa namwandikia namba kwenye daftari la shule. Alitaka kujua kama anapona au anakwisha. Siku moja mkulima kutoka makazi ya Katumba, Révérien, mtu wa asili ya Burundi, alichelewa kuondoka akamkuta juu ya mizani.

"Nyie watu wa ghala," akasema, "mahindi yamewaishia mpaka mnajipima wenyewe?"

Shati la Mzee lilikuwa wazi na kovu lilionekana. Révérien akainua shati lake. Kovu lilikuwa lilelile, kutoka kifuani hadi kitovuni. Walikaa juu ya magunia mpaka jua likainama, wakisimuliana mambo ambayo wake zao hawakuyaelewa: namna chai yenye sukari inavyomtoa mtu jasho na kufanya moyo uende mbio mpaka mtu alale chini kama amepigwa, namna njaa na woga wa kula vinavyokuja pamoja. Révérien alikuwa akidhani ni yeye peke yake duniani. Nilimwona akifuta macho, na hakuwa mtu wa kulia ovyo.

Hivyo ndivyo Alhamisi ilivyoanza. Hadi mwisho wa mwaka 1993 walikuwa watu watano waliokatwa tumbo, sasa ni kumi na mmoja. Hawana katiba wala mwenyekiti. Wanapimwa, wanakaa juu ya magunia, wanafundishana kuishi. Mzee aliwafundisha tonge lake maarufu: ukishashiba, usitoe mkono, kata tonge dogo na ulifinyange polepole vidoleni, uongee, ucheke, ulifinyange tena, mpaka wenzako wamalize. Révérien yeye aliwafundisha kusema ukweli mapema, kabla maji ya kunawa hayajaletwa, kwamba tumbo limekatwa na mwenye nyumba asihesabu matonge. Walibishana mwaka mzima ipi njia bora. Nadhani hawajamaliza.

Mwaka 1994 akaja Minza. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mke wa Mwandu, wa familia ya wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga na kujenga pembeni ya Nsemulwa. Alikuwa na mtoto mmoja wa kike, Kabula, aliyekuwa bado ananyonya siku mama yake alipopasuliwa. Minza hakuweza kutumia tonge la Mzee Isidori, maana alikula sahani moja na mama mkwe wake, Nyamizi, na Nyamizi alikuwa anahesabu.

Nisieleweke vibaya, Nyamizi si mtu mbaya. Alikuwa amezika watoto wawili wakubwa ndani ya miaka mitatu. Alituambia mwenyewe, amesimama hapo mlangoni: "Wanangu walianza hivihivi. Tonge mbili, nimeshiba. Sitazika wa tatu nyumbani kwangu." Makovu hakuyaamini, wala karatasi za hospitali ambazo hakuweza kuzisoma. Alichoamini ni mizani ya Isidori, kwa sababu kwa miaka kumi ilipima mahindi yake na haikumwibia. Basi ukoo ukakubaliana: Minza apimwe kila Alhamisi ya pili mpaka mvua za mwaka 1996 ziishe. Akishuka chini ya kilo arobaini na tano, atarudishwa kwa baba yake Shinyanga, na Kabula atabaki. Mwandu alikaa kimya, na kimya chake kilihesabiwa kuwa ndiyo.

Mwaka mzima wa 1995 walikuja. Nyamizi alipanda kwanza yeye mwenyewe, kujaribu mizani kama anavyoijaribu kwa mahindi, kisha akampandisha mkwewe. Arobaini na tano na nusu. Arobaini na tano na nusu. Arobaini na sita. Mzee Isidori aliitaja ile sita kama anatangaza mshindi wa bahati nasibu.

Novemba mwaka huo nilikwenda likizo. Mvua za kwanza zilinyesha Jumatano, na Alhamisi yake magunia yaliyochelewa yaliletwa yameloa. Mzee alipima tangu asubuhi, kilo tatu, kilo tatu, kilo tatu. Saa tisa alifunga mlango na kuwageukia watu wake. Mimi sikuwepo kumwandikia, akasoma na kuandika mwenyewe, kisha akataja alichoandika. Minza, arobaini na tatu.

Nyamizi alikaza kanga kiunoni, akamshika mkwewe mkono, wakaondoka. Treni ilikuwa Jumamosi.

Nilirudi kazini Ijumaa asubuhi, nikamkuta Mzee Isidori amesimama juu ya mizani peke yake, amevua viatu. Alipovaa suruali asubuhi hiyo, mkanda uliingia tundu lilelile la wiki zote, na daftari lilisema amepungua kilo tatu. Mizani sasa ilisema sitini na mbili. Daftari lilisema hamsini na tisa. Tulipitia majina yote, na kila mmoja alikuwa amepungua kilo tatu kwa siku moja. Vidole vyake vilikuwa vimewakata watu gunia na maji.

Nilimpa ushauri wa kijinga. Nilimwambia aseme mizani ilikwama. Mpima anayekiri kwamba amekosea, kesho yake wakulima wote watauliza kuhusu magunia yao, na jina alilolijenga tangu mwaka 1974 litabebwa na mvua.

"Mizani haijakwama," akanijibu. "Nimekwama mimi. Nikiisingizia, Nyamizi hataiamini tena, na yule binti hana shahidi mwingine."

Tulikwenda Nsemulwa kwa baiskeli kwenye tope. Sanduku la Minza lilikuwa tayari uani, limefungwa kamba, na yeye amekaa juu yake akimnyonyesha Kabula. Wanaume wa ukoo walikuwepo, pamoja na wakulima wawili wanachama wetu. Nilitamani amvute Nyamizi pembeni. Hakufanya hivyo. Alivua kofia akasema mbele ya wote:

"Mama, nimekosea mimi. Nilimkata kilo tatu kama gunia lililoloa. Huyu hakuloa."

"Miaka yote unapima mahindi yangu hujawahi kusema umekosea," Nyamizi akamjibu. "Leo ndo unakosea, kwa huyu rafiki yako?"

Mzee alifungua daftari na kusoma jina moja moja, namba ya zamani na namba ya jana yake, na la kwake mwenyewe. La mwisho lilikuwa la Nyamizi. Kila mara alikuwa sabini na nne. Alhamisi aliandikwa sabini na moja, na hakujali, kwa kuwa hakuja kujisikiliza yeye.

Nyamizi alidai kuiona mizani. Tuliongozana wote hadi ghalani, Minza nyuma na mtoto mgongoni. Nyamizi alipanda, akainama kuangalia mkono wa mizani ukitulia, na Mzee akamsomea. Sabini na nne. 

"Kumbe na mimi niliandikwa nimekwisha," Nyamizi akasema. "Basi kesho tungepanda treni wote wawili, yeye na mimi."

Aliteremka, akamfungua Kabula kutoka mgongoni mwa mkwewe, akambeba mwenyewe, akamwambia Minza apande. Arobaini na sita. Minza alisema, "Mayu, umeona," akimwita mama kwa Kisukuma, kwa sauti ndogo sana, na Nyamizi akajibu kwamba ameona. Sanduku lilifunguliwa jioni hiyo.

Kosa hilo lilimgharimu Mzee. Jumatatu wakulima walijipanga mlangoni wakitaka magunia yao yapimwe upya, nasi tukapima arobaini na moja kwa siku mbili, yeye akitafuna vipande vya muhogo kila baada ya saa mbili ili asianguke. Hakuna gunia lililokutwa na kasoro. Wiki iliyofuata alipewa barua ya onyo kwa kutumia mizani ya chama kwa shughuli zisizohusika. Ndiyo barua niliyosema imo kwenye faili. Nilitaka kuiruka, mwenyewe akakataa. Baadaye uongozi ulimruhusu kuendelea baada ya saa za kazi, jambo tunalolishukuru, ingawa barua haikufutwa.

Leo Minza ana kilo hamsini na mbili na mtoto wa pili, wa kiume. Wanawake wanaokuja Alhamisi wakiwa bado wanatetemeka baada ya upasuaji hupelekwa kwake kwanza. Kabla hajawaambia nini cha kula, huwauliza nani anakula naye sahani moja, kisha huomba mtu huyo aje pia. Njia hiyo imezishinda ya Mzee na ya Révérien, na wazee hao wawili wamekubali kwa shingo upande. Nyamizi alimnunulia mkwewe kisahani cha bati chenye maua mekundu, na ole wake mgeni atakayeuliza kwa nini mke wa Mwandu anakula peke yake.

Kuhusu sherehe ya tarehe 30: pilau litakuwepo la kutosha. Meza kuu itapakuliwa kidogo na kwa awamu tatu, soda zitatolewa nusu saa baada ya chakula, na wapishi wameagizwa wasimjazie mstaafu sahani kwa kumheshimu. Mwenye njaa kubwa akae meza za nyuma pamoja nami. Chai itaandaliwa kwa vikombe vya ghala, na cha bluu nitakileta. Nimemwomba Mzee anywee hicho, amekubali, akauliza tu kama nimekiosha.

Mzee Isidori, ahsante kwa mkono wako uliotafuta unyevu na kwa mdomo wako uliosema nimekosea. Unarudi Karema kwa dagaa na upepo wa ziwa. Tunakutakia siku nyingi, njema, zilizotafunwa polepole. Alhamisi zitaendelea, mizani ni yangu kuanzia Julai, na daftari nimelipokea.

Nimeshaandika mstari wangu wa kwanza kama mpima. Alhamisi iliyopita nilimpandisha Mzee mwenyewe, bila viatu: kilo sitini na tatu. Sikukata kitu.