Udongo wa Kwanza wa Kapteni Rebaone Monnaesi

Wasifu huu unasomwa na Keneilwe, dada yake marehemu, hapa makaburini Maun, asubuhi ya Jumamosi tarehe 15 Septemba 2018.

Kabla ya kuanza, kuna swali linalozunguka tangu Jumanne. Wengine wameliuliza kwa heshima, wengine kwa kubinua midomo. Oratile yuko wapi? Katika nyumba yetu mpwa ndiye anayetia udongo wa kwanza juu ya jeneza la mjomba wake, na marehemu alikuwa na mpwa mmoja tu, binti wa huyu anayesoma. Binti huyo hayupo hapa. Jibu limo ndani ya wasifu huu, na marehemu aliagiza litolewe kwa zamu yake, kwa hiyo mtuvumilie.

Kapteni Rebaone alizaliwa tarehe 3 Mei 1969 katika kijiji cha Nokaneng, mtoto wa kwanza wa mzee Tiroyamodimo Monnaesi na Bibi Galeboe. Miaka mitano baadaye akafuata Keneilwe, na uzazi ukaishia hapo. Utotoni alichunga ng'ombe. Miaka ile zilipita ndege za kunyunyizia dawa ya mbung'o, zikiruka chini chini, zinakaribia kugusa miti. Siku moja alizitazama mpaka akajisahau, na nyuma yake ndama wakanyonya maziwa yote ya jioni. Baba akamwuliza maziwa yako wapi. Akajibu, "Baba, ile ndege ina mtu ndani." Alichapwa. Alipomaliza kulia akauliza yule mtu huingilia wapi.

Alisoma shule ya msingi Nokaneng kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, kisha sekondari hapa Maun mpaka 1987. Mwaka 1990 alipokelewa katika shule ya urubani mjini Harare. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Aliyesimama ni mjomba Keoagile, kaka yake Bibi Galeboe, ambaye alitoa ng'ombe wake wauzwe ili mtoto wa dada yake asome. Majirani walimwambia amerogwa. Yeye aliwajibu, "Ng'ombe wangu hawajawahi kuniletea salamu kutoka juu. Huyu ataniletea." Tarehe 28 Agosti 1992 Rebaone alipata leseni ya urubani wa biashara. Alirudi Maun na kitabu chake cha saa za kuruka. Ndani mlikuwa na saa mia mbili na kumi.

Nyumbani tulidhani kazi imekwisha kupatikana. Mama alikuwa amemshonea mashati mawili meupe. Kumbe leseni ni jambo moja, na mtu wa kukukabidhi ndege yake na wageni wake ni jambo jingine kabisa. Kila Jumatatu Rebaone alivaa shati moja, akazunguka uwanja wa ndege mlango kwa mlango na karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki. Mazungumzo yalikuwa yale yale, ya rra na mma, yaani bwana na mama, na aliyaigiza vizuri mpaka tukacheka, ingawa moyoni tuliumia.

"Una saa ngapi, rra?"

"Mia mbili na kumi, mma."

"Rudi ukiwa na mia tano."

"Nitazipata wapi bila kuruka?"

"Hilo sikuulizwa mimi. Mlango uufunge taratibu, unapiga kelele."

Hakuwa peke yake. Kando ya mto walipiga mahema vijana waliotoka Durban, Nairobi, hata Uingereza, wote na leseni mpya na saa chache. Walichokuwa wakisubiri kilikuwa kimoja. Rubani mmoja augue, au aache kazi, na wewe uwepo siku hiyo, umeoga, karatasi mkononi. Si aliye bora aliyechukuliwa. Alichukuliwa aliyekuwepo. Rebaone alilijua hilo, na kwa miezi kumi hakuvuka mipaka ya Maun hata siku moja. Harusi za binamu hakwenda. Krismasi hakwenda Nokaneng. Mjomba Keoagile alimtumia ujumbe: "Kaa hapo hapo, mwanangu. Nyama yako tunakula sisi."

Jumamosi tarehe 10 Julai 1993 mjomba alifariki ghafla, akiwa kisimani na ng'ombe waliobaki. Jumapili Rebaone alipanda lori kwenda Nokaneng. Jumatano dereva mmoja alifika na karatasi. Kampuni fulani rubani wake ameshikwa na malaria, na Ijumaa asubuhi wanamtaka Rebaone aje ajaribiwe. Mazishi yalikuwa Jumamosi.

Keneilwe alikuwepo, anakumbuka. Kaka yake aliisoma ile karatasi amesimama, akaisoma tena amekaa. Mama alikuwa anachambua mtama wa kupikia waombolezaji. Akamwambia, "Lori linarudi saa hizi. Ukitaka kwenda nenda, mimi sitakusema."

"Na udongo atatia nani?"

"Atatafutwa mtu."

"Mjomba aliuza ng'ombe kwa ajili yangu, mama. Hakutafuta mtu."

Lori likaondoka bila yeye. Jumamosi tarehe 17 alitia udongo wa kwanza, na Jumatatu alikuwa Maun mlangoni. Kiti kilikuwa kimeshakaliwa na kijana wa Durban, ambaye hakuwa na kosa lolote. Alikuwepo, basi. Rebaone alimpa mkono. Kisha akarudi nyumbani, akalala siku mbili uso umeelekea ukutani, na mashati yale mama akayaficha ili asiyachane.

Wengine mtatarajia hapa isomwe kwamba hakujuta. Hapana, tuseme kweli mbele ya jeneza lake. Alijuta, na wakati huo huo alijua kwamba angefanya vile vile tena. Mambo hayo mawili aliishi nayo, na hakuwahi kuyapatanisha.

Alisubiri miezi mingine kumi na tisa. Safari hii hakuzunguka milangoni. Aliomba kazi ya kupima mizigo na kufagia banda la ndege, leseni yake ya urubani ikiwa mfukoni. Marubani waliomzidi saa walimwita "Kapteni Fagio", naye aliitika. Kiti cha abiria kikibaki kitupu alipanda, akajifunza kila kiwanja cha vumbi kilichomo kwenye delta, wapi tembo hupenda kulala na wapi mchanga humeza gurudumu. Tarehe 21 Februari 1995, rubani wa asubuhi hakutokea. Meneja alitazama huku na huku, akamwona mtu mwenye fagio.

"Wewe si una leseni?"

"Ninayo tangu juzi, rra," akasema. Juzi hiyo ilikuwa na miaka miwili na nusu.

Safari yake ya kwanza haikuwa na abiria. Alibeba kabichi, nyanya na trei za mayai za kambi ya watalii. Alipokuwa akitua akamkuta twiga katikati ya kiwanja, ikabidi ainuke na kuzunguka tena. Mayai matano yalivunjika. Katika miaka ishirini na miwili aliruka zaidi ya saa elfu kumi na mbili bila kumjeruhi mtu, lakini ukimwuliza juu ya kazi yake alianza na yale mayai matano.

Tarehe 4 Desemba 1999 alimwoa Seipone, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye alikuwa anaogopa ndege na anaziogopa mpaka leo. Wajomba wa bibi harusi walipotaja ng'ombe, Rebaone alinong'ona, "Ng'ombe tena?" na mzee mmoja akamsikia, akaongeza mmoja. Walijaliwa watoto wawili, Phemelo na Larona. Alikuwa baba wa kuchelewa chakula na kuwahi kazini, na Seipone ameruhusu hilo lisomwe.

Kuanzia mwaka 2006 alikuwa mkuu wa marubani katika kampuni yake. Hapo ndipo wengi mliosimama huku nyuma na mashati yenye mistari mabegani mlipomfahamu. Kila Jumatatu saa nne asubuhi aliweka meza nje ya banda, chai na magwinya, maandazi yetu ya moto, na kila mwenye leseni mpya alikaribishwa. Hakumwuliza mtu saa zake kwanza. Aliuliza, "Umekula?" Halafu akauliza, "Wiki hii una mazishi?" Wageni walidhani ni utani. Mwenye mazishi aliambiwa nenda kazike, kiti chako kitakungoja hadi Jumatatu, na kilingoja. Hivyo ndivyo alivyokuwa akimlipa mtu ambaye hayupo tena.

Oratile alipata leseni yake mwezi Juni 2017, na saa mia mbili ishirini na sita. Akaja mbio kwa mjomba wake. Mjomba akamnywesha chai, akamlisha magwinya, akamnyima kazi.

"Mjomba, hata hujasoma karatasi zangu."

"Nimezisoma kabla hujazaliwa. Nikikupa mimi, utaitwa mpwa wa mkubwa mpaka uzeeke. Zunguka."

"Wanasema mia tano."

"Najua wanavyosema. Zunguka."

Mama yake Oratile hakuzungumza na kaka yake mwezi mzima kwa ajili hiyo, na leo anakiri hapa kwamba alikosea. Binti alizunguka miezi kumi na minne, milango ile ile.

Novemba 2017 Kapteni alianza kuumwa tumbo, na madaktari wakakuta kansa ya kongosho. Aliacha kazi mwezi uliofuata. Aliugua nyumbani, akiuguzwa na Seipone, na hakulalamika sana isipokuwa juu ya uji usio na sukari. Mwishoni mwa Agosti mwaka huu Oratile aliingia chumbani kwa mjomba wake. Kampuni moja imemwita. Mkaguzi wa urubani anakuja kutoka Gaborone kwa siku moja, Jumamosi tarehe 15 Septemba, saa moja asubuhi. Akifaulu, ameajiriwa. Asipotokea, wako wengine sita kando ya mto.

Jumatano tarehe 5 Septemba marehemu alimwita dada yake karibu na kitanda.

"Keneilwe, mtihani wa mtoto ni lini?"

"Tarehe kumi na tano, Jumamosi."

"Na sisi tunazika Jumamosi."

"Acha maneno hayo."

"Sio maneno, ni hesabu. Nikifa leo au kesho, mkifanya haraka mtanizika Jumamosi hii. Nikivuka mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, mtanizika tarehe ishirini na mbili. Ubaya uko hapo katikati."

"Basi usife hapo katikati."

"Nitajitahidi. Nikishindwa, aende akaruke. Asije kwangu."

"Wazee watatutoa roho."

"Wasomee. Mimi nilibaki kwa mjomba kwa sababu nilitaka kubaki. Mimi mjomba wa huyu nataka aende. Mjomba akisema, nani mwingine wa kusema?"

Alijitahidi kweli. Alifariki Jumatatu tarehe 10 Septemba, saa tisa alasiri, hapo hapo katikati.

Alhamisi ukoo ulikaa. Shangazi Boitshoko, dada yake baba yetu, alisema hajawahi kuona mjomba akifukiwa na mikono ya watu baki. Walijaribu kusogeza mazishi, yakawa hayasogezeki, maana sisi tunazika Jumamosi asubuhi, na watu wa mbali walikwisha kuwa njiani. Walitaka mkaguzi abembelezwe, na aliyepelekwa akarudi na jibu kwamba ndege ya kurudi Gaborone haimngoji. Oratile mwenyewe alilia, akasema hataenda, atazunguka na karatasi zake miaka mingine kama mjomba alivyozunguka. Ndipo maneno ya marehemu yakasomwa. Shangazi akamwuliza binti, "Shati lako limepigwa pasi?"

Aya inayofuata haimo katika kijitabu mlichoshika. Imeandikwa kwa kalamu leo asubuhi.

Jana alasiri, wanaume walipoanza kuchimba, Oratile alikuja hapa kaburini. Alichota udongo wa juu, mkono mmoja, akatafuta pa kuutia. Hakuwa na chochote ila mfuko wa karatasi anaopewa abiria anayetapika ndani ya ndege. Akautia humo, akaukunja mdomo mara tatu kama wanavyofundishwa, akampa mama yake.

Marehemu ameacha mjane, Seipone, watoto wawili, Phemelo na Larona, mama yake mzazi, Bibi Galeboe, mwenye miaka themanini na minne, dada mmoja, Keneilwe, shangazi, Boitshoko, marubani thelathini na mmoja ambao kiti chao cha kwanza walikipata mezani kwake, na mpwa mmoja.

Sasa ni saa moja na dakika kumi. Uwanja uko nyuma ya miti ile, na ndege zitapita juu yetu kama kila siku. Msinyooshe vidole na msimpungie mtu mkono. Yuko mtihanini.

Na udongo wa kwanza, ndugu zangu, ni huu hapa mfukoni. Umetoka mkononi mwa mpwa wake, na dada yake anaumwaga kwa niaba ya aliyetumwa kazini na mjomba.

Lala salama, Kapteni. Zamu yako imepokelewa.