Masufuria ya Familia Nane

Ndani ya basi, fundi bomba alikuwa akimbembeleza mshonaji aliyeketi naye. "Dada, tuko familia saba tunaotaka kununua kiwanja tuishi pamoja, tutunze mazingira. Tusipopata ya nane wiki hii, kiwanja anauziwa mwingine. Maji ya mvua, umeme wa jua, jiko moja la wote!"

Mimi, kwenye kiti cha nyuma yao, nimezeekea kwenye vyumba vya kupanga, choo kimoja nyumba nzima. Kumbe miaka yote hiyo tulikuwa tunatunza mazingira!

"Na masufuria ataosha nani, kaka?"

"Kwa zamu. Hata wanaume."

"Wewe uliosha lini mara ya mwisho?"

Fundi akageukia dirisha. "Mabomba nitaweka mwenyewe."

"Sikuuliza mabomba, kaka yangu."

Basi likasimama, mshonaji akashuka. Fundi, aliyekata tiketi ya hadi mwisho wa njia, akamfuata huku akikunja mikono ya shati. "Haya, masufuria yako wapi, dada?"