Sekunde Nilizomhesabia Baba Yenu

Punguzeni sauti ya televisheni, wanangu, lakini picha iacheni, maana wanarudia ule mchezo wa baba mwenye nyumba, na nataka baba yenu awepo ninapoyasema haya. Sogeeni. Wewe mkubwa, njoo ukae hapa kitandani, acha kuziba mlango kama askari. Najua unamzuia nani huko nje. Pumzi yangu imebaki kidogo na maneno ni mengi, kwa hiyo msinikatize.

Mnamwona huyo anavyotupa masufuria ya mjane mvuani? Baba yenu huyo hakuweza kumfukuza hata paka wa jirani jikoni. Miaka ishirini na sita aliigiza na hakupewa hata siku moja kuwa shujaa: alikuwa baba wa kambo, karani anayeficha mafaili, mwizi wa pikipiki, na mwisho wa kila mchezo lazima afe. Alikufa kwa risasi, kwa sumu, kwa kuporomoka ngazini, mpaka mtaa mzima ukambandika jina la Marehemu. "Marehemu, leo umefufuka saa ngapi?" kinyozi alikuwa akimuuliza, naye akijibu, "Nimefufukia ndevu tu, ukimaliza narudi zangu." Tulicheka. Lakini mnamkumbuka pia yule mama aliyemzaba kofi kwenye foleni ya zahanati, kisa mtoto wa kambo aliyenyimwa chakula kwenye kipindi cha Jumatano. Mwanangu mkubwa, ulirudi nyumbani umekasirika, ukasema watu ni wajinga, wanamhukumu mtu kwa vazi alilovishwa. Maneno hayo yashike vizuri, nitayarudia.

Waongozaji walimpenda baba yenu kwa sababu alijua kufa. Kamera inamkaribia mpaka unaona vinyweleo, kifua hakipandi, kope hazichezi. Ujuzi huo ulitengenezwa hapa, juu ya zulia hili lililopauka: yeye analala chali, mimi nakaa kwenye kigoda na ile saa ya mezani mliyoitafuta msiipate, nahesabu sekunde kwa sauti. Sharti lilikuwa moja tu, nisimguse wala nisimwite mpaka ainue kidole mwenyewe, maana nilimgusa siku moja akaangua kicheko na zoezi likaharibika. Rekodi yake ilikuwa themanini na nne.

Nipeni maji. Kidogo tu... basi.

Jumamosi ile asubuhi mmoja wenu alikuwa chuoni, mwingine kazini. Mchezo mpya ulikuwa uanze Jumatatu. Nilikuwa chumbani nakunja nguo nikasikia kishindo, nikatoka, nikamkuta chali kwenye zulia. Nikamwambia, "Leo hata kuniambia tuanze hukuniambia?" Nikavuta kigoda, nikachukua saa. Themanini. Tisini. Mia. Wanangu, nilifurahi! Nilisema, "Baba watoto, rekodi umeivunja, Jumatatu watakupigia makofi." Nikafika mia na hamsini, na kidole hakikuinuka. Hapo nilijua. Nilijua, na bado nikaendelea kuhesabu, kwa sababu niliona kwamba nikiacha tu, basi itakuwa kweli. Simu nilimpigia baba yenu mdogo baada ya muda nisioujua, naye alifika na gari lake kabla sijamaliza kufunga kanga. Alinikuta nimeikumbatia saa, bado nahesabu. Aliichukua mikononi mwangu, akaiingiza ndani ya koti, akambeba kaka yake.

Daktari aliposema kwamba dakika kumi mapema pengine zingetosha, ninyi mmeshafika, mnalia, aliuliza nani alichelewa. Nikafungua mdomo. Shemeji yangu akanitangulia: "Ni mimi, daktari. Nilipigiwa simu, nikapitia mahali."

Mahali gani? Mlimuuliza? Nani kati yenu alimhoji? Mlijijazia wenyewe kwamba alikuwa kilabuni, mkawa washtaki na mahakimu kwa mkupuo mmoja, na mwanangu mkubwa ukaoa bila ndugu pekee wa baba yako kukaa kwenye kiti chake. Miaka tisa mnamwita "yule mtu". Mlimlaumu yule mama wa foleni, kumbe nanyi mna kofi lenu, na lenu halijashuka bado. Na mimi, shahidi pekee, nilinyamaza, nikala kwenye sahani zenu, nikawaogopa wanangu wa kuwazaa. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami kimeniumbua. Nimechelewa, lakini nimesema. Kama mna hasira, njooni nayo kwangu, na mje upesi, ningali hapa.

Nyumba ni yenu nyote wawili, asiuze mmoja bila mwenzake. Cherehani ni ya binti yangu. Kanda za baba yenu msigawane, zikae kabati moja. Lile koti la baba mwenye nyumba mpeni baba yenu mdogo, na msimtume mtu, mpelekeni wenyewe... Hapana. Kwa nini mpeleke, naye yuko barazani tangu asubuhi, namsikia anavyokohoa?

Mwanangu, inuka. Siwezi kukuamuru, mkono wangu hauinuki hata kumfukuza nzi. Nakuomba. Mfungulie... Usimtazame miguu, mtazame uso. Mwite baba.

Eeh. Hivyo. Asante, mwanangu.

Shemeji, karibu. Umekuja nayo ile saa? Iweke hapo dirishani... usiitie ufunguo. Iache imesimama. Wanangu hawa wawili, hebu waone wanavyokuangalia. Binti yangu, mpishe baba yako akae.

Mungu awape midomo inayouliza kabla ya kuhukumu. Awape watoto wasiowaogopa. Mlalapo na muamkapo, mkono wake uwe juu yenu... juu yenu nyote...

Shika mkono huu. Na wewe. Baba yenu kamalizika pale kwenye skrini? Mzimeni, apumzike.

Jambo la mwisho. Nikinyamaza... msikae mkasubiri kidole. Msihesabu.

Niguseni.